Henry Walter Bates

Henry Walter Bates (Leicester, 8 Februari 1825 – London, 16 Februari 1892) alikuwa mwanaasili na mpelelezi kutoka Uingereza. Anajulikana hasa kwa kukusanya wadudu katika bonde la mto Amazonas kwa miaka 11, na kwa kueleza jinsi vipepeo wanaolika vizuri wanavyojikinga dhidi ya ndege kwa kufanana na vipepeo wenye ladha mbaya. Kinga hiyo inaitwa hadi leo uigaji wa Bates. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1862, miaka mitatu tu baada ya kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi, na yalikuwa kati ya ushahidi wa kwanza kutoka porini ulioonyesha uteuzi asilia ukifanya kazi.

Bates hakuwahi kusoma chuo kikuu. Elimu yake ya wadudu aliipata msituni, kwenye maktaba ya mji na kwa kuandikiana barua na wenzake.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia ya watengenezaji wa soksi. Leicester ulikuwa mji ulioishi kwa biashara hiyo, na mtoto wa kiume alitarajiwa kuifuata. Alipokuwa na umri wa miaka 13 hivi aliacha shule akawa mwanagenzi kwa mfanyabiashara wa soksi. Kazi ilidumu saa 13 kwa siku. Jioni alihudhuria masomo katika taasisi ya mafundi ya mjini, ambako alijifunza Kilatini, Kigiriki, Kifaransa na uchoraji. Siku za mapumziko alikwenda kwenye msitu wa Charnwood, karibu na mji, kutafuta wadudu, hasa mbawakawa. Mwaka 1843, akiwa na miaka 18, alichapisha makala fupi kuhusu mbawakawa katika jarida la zoolojia.

Mwaka 1844 kijana mwingine, Alfred Russel Wallace, alifika Leicester kufundisha shule. Wawili hao wakawa marafiki. Hadi wakati huo Wallace alikuwa akipenda mimea. Bates ndiye aliyemwonyesha masanduku yake ya mbawakawa, na Wallace alishangaa kuona aina nyingi kiasi kile zikipatikana kuzunguka mji mmoja tu. Wallace alipoondoka mwaka 1845 waliendelea kuandikiana kuhusu wadudu na kuhusu vitabu walivyosoma, na swali moja lilizidi kujitokeza katika barua zao: spishi hutoka wapi? Wakati huo Bates alifanya kazi kwa muda kama karani katika kiwanda cha bia mjini Burton, kazi ambayo hakuipenda.

Mwaka 1847 walisoma kitabu kipya cha Mmarekani William Henry Edwards kuhusu safari yake kwenye mto Amazonas. Wakaamua kwenda huko. Hawakuwa na mali wala mfadhili. Mpango wao ulikuwa kukusanya wanyama na wadudu, kubaki na mfano mmoja wa kila aina kwa ajili ya utafiti wao, na kuuza waliobaki kwa makumbusho na matajiri wa Ulaya kupitia wakala wao mjini London, Samuel Stevens.

Safari ya Amazonas

Waliondoka bandari ya Liverpool mwezi Aprili 1848 na kufika Pará (leo Belém, Brazil) mwishoni mwa Mei. Bates alikuwa na miaka 23. Mwanzoni walifanya kazi pamoja, kisha wakagawana njia: Wallace alifuata mto Negro, Bates akaelekea sehemu ya juu ya Amazonas inayoitwa Solimões.

Mwaka 1850 Bates alifika Ega (leo Tefé), kijiji kikubwa kilichopo zaidi ya kilomita 2000 kutoka baharini kwa njia ya mto. Kwa jumla aliishi huko miaka minne na nusu, katika vipindi viwili. Katika kipindi cha kwanza aliwahi kukaa miezi 12 bila barua wala fedha kutoka Uingereza. Nguo zake zilichakaa zikawa matambara, viatu vikaisha akawa anaingia msituni peku, mtumishi wake akatoroka, na fedha zake karibu zote zikaibwa. Upweke ulimsumbua kuliko umaskini. Magazeti yalipofika, kila toleo alilisoma mara tatu: kwanza makala zilizomvutia, halafu zilizobaki, na mwisho matangazo ya biashara.

Mwaka 1851 alirudi Pará akiwa na nia ya kwenda nyumbani. Alikuta mji umeshikwa na homa ya manjano. Herbert, mdogo wake Wallace, aliyekuja Brazil kusaidia ukusanyaji, aliugua ugonjwa huo. Bates alimuuguza, lakini Herbert alifariki, na Bates mwenyewe naye akaugua. Alipona, na badala ya kupanda meli alirudi tena mtoni. Alikaa miaka kadhaa mjini Santarém, na mwaka 1855 akarudi Ega. Mwaka 1857 alisafiri hadi São Paulo de Olivença akiwa na matumaini ya kufika milima ya Andes, lakini homa kali ilimdhoofisha hata akaacha mpango huo. Afya yake haikurudi kamwe kama zamani.

Kazi hii hakuifanya peke yake, ingawa mara nyingi husimuliwa hivyo. Wapiga makasia, wawindaji na vijana wa makabila ya wenyeji walimwonyesha njia, walimletea wanyama na kumfundisha majina na tabia zao. Brazil ya siku hizo ilikuwa bado nchi ya utumwa, na baadhi ya watu waliomzunguka hawakuwa huru.

Aliondoka Brazil mwezi Juni 1859. Kwa kuwa meli iliyombeba Wallace mwaka 1852 ilishika moto katikati ya bahari na mkusanyo wake mwingi kupotea, Bates aligawa mzigo wake wa mwisho katika meli tatu tofauti. Kwa jumla alikuwa amekusanya spishi 14,712, nyingi zikiwa wadudu, na zaidi ya 8,000 kati yao zilikuwa hazijulikani kwa sayansi. Kuzunguka Ega pekee alipata zaidi ya spishi 7,000 za wadudu, zikiwemo 550 za vipepeo.

Vipepeo wanaofanana

Kati ya wadudu hao wote, waliomfikirisha zaidi walikuwa vipepeo wa kundi lililoitwa Heliconidae. (Leo kundi hilo limegawanywa, na sehemu zake zimo katika familia ya Nymphalidae.) Wana mabawa marefu yenye rangi kali: nyeusi, nyekundu, njano na chungwa. Huruka polepole katika njia za msituni, tena kwa wingi, kana kwamba hawaogopi kitu. Bates alitazama kwa miaka mingi na hakuona ndege, mjusi wala kerengende akiwashambulia, ingawa vipepeo wengine walioruka mahali palepale waliwindwa. Aliona pia kwamba vipepeo hao wakikaushwa hawaliwi sana na vidudu waharibifu wa mikusanyo. Wengine walikuwa na harufu ya pekee. Akahitimisha kwamba miili yao ina kitu kinachowachukiza wanyama wanaokula wadudu.

Lakini aliporudi nyumbani kutoka msituni na kupanga mavuno ya siku, mara kwa mara aligundua kwamba kipepeo mmoja au wawili katika kundi hawakuwa Heliconidae hata kidogo. Walikuwa wa jenasi iliyoitwa Leptalis (leo Dismorphia), ambayo ni ya familia ya Pieridae. Familia hiyo ni ya vipepeo weupe na wa njano, wenye mabawa ya umbo la kawaida. Hawa walikuwa wamevaa rangi za Heliconidae, wana mabawa marefu kama wao, na huruka polepole kama wao. Hata Bates mwenyewe, mwenye macho yaliyozoea, hakuweza kuwatofautisha wakiwa hewani. Alipowashika mkononi, miguu iliwafichua: vipepeo wa Pieridae hutembea kwa miguu sita, lakini wale wa Heliconidae hutumia minne tu, kwa sababu miwili ya mbele imedumaa.

Jambo la pili lilikuwa la maana zaidi, na hapa ndipo miaka 11 ya kusafiri ilipomfaa. Kila aliposogea kilomita mia kadhaa kando ya mto, Heliconidae walibadilika rangi: wenye mistari ya njano upande mmoja walikuwa na mabaka ya chungwa upande mwingine. Na popote walipobadilika, Leptalis wa mahali hapo walibadilika pamoja nao. Mtu aliyekaa London akipokea vipepeo kwenye masanduku angeweza kusema kwamba kufanana kwao ni bahati, au kwamba hali ya hewa moja huzaa rangi moja. Bates alijua kwamba Pieridae wengine wengi waliishi katika hewa ileile na walibaki weupe.

Maelezo yake yalikuwa hivi. Ndege mchanga hazaliwi akijua kipepeo gani ni mchungu; hujifunza kwa kuonja, na baada ya kuonja huacha kila mdudu mwenye rangi zile. Leptalis hana uchungu wowote, ni chakula kizuri. Katika kila kizazi hutokea tofauti ndogo za rangi kati ya ndugu na ndugu. Yule anayefanana kidogo na kipepeo mchungu wa mahali pake huachwa mara nyingi zaidi, huishi na kutaga mayai. Wasiofanana huliwa. Kizazi baada ya kizazi wanaochagua ni ndege wenyewe, bila kujua wanachokifanya, nao hukaza ufanano hadi unapokuwa karibu kamili. Kipepeo mwenyewe hana nia wala akili ya kuiga. Neno uigaji linaeleza tu matokeo.

Kutokana na maelezo hayo yanafuata mambo yanayoweza kupimwa. Mwigaji lazima aishi mahali pamoja na mfano wake. Tena inafaa awe mchache kuliko huyo mfano, kwa sababu waigaji wakizidi, ndege wataonja watamu mara nyingi na kujifunza kwamba rangi zile ni tangazo la chakula. Bates aliona kwamba kwa kweli Leptalis walikuwa adimu sana kati ya makundi ya Heliconidae.

Hakuishia kwa vipepeo wazima. Siku moja kiwavi mkubwa alijinyoosha kutoka kwenye majani ya mti na kumshtua, kwa kuwa kichwa chake kilionekana kama cha nyoka mdogo mwenye sumu. Alimbeba hadi kijijini, akawatia hofu watu wote waliomwona. Viwavi wa aina hiyo ni watoto wa nondo wakubwa wa familia ya Sphingidae. Nondo wazima wa familia hiyohiyo walimdanganya kwa namna nyingine: baadhi yao huelea mbele ya maua wakinyonya nekta kama wafanyavyo ndege wadogo sana wa Amerika wenye mdomo mrefu, na mara kadhaa Bates alipiga risasi nondo akidhani ni ndege. Wenyeji walimweleza kwamba mmoja hugeuka kuwa mwingine. Bates hakukubali, lakini ufanano huu hakuuita uigaji wa kinga. Aliona kwamba viumbe wawili wanaofanya kazi moja wanaweza kupata umbo moja, na ni vizuri kukumbuka tofauti hiyo, kwa maana si kila ufanano ni ulaghai.

Mapokezi

Bates alisoma makala yake mbele ya jumuiya ya wanaasili ya Linnean mjini London tarehe 21 Novemba 1861. Ilichapishwa mwaka uliofuata. Sehemu kubwa ni orodha ya spishi, na nadharia imo katikati yake, kwa hiyo ingeweza kupita bila kusomwa na watu wengi. Darwin aliliona hilo. Aliiandikia tahariri ya kuisifu, iliyotoka mwaka 1863 bila jina lake, na katika toleo la nne la kitabu chake, mwaka 1866, aliongeza maelezo kuhusu ugunduzi wa Bates. Sababu ni rahisi kuelewa: wapinzani walikuwa wakimdai mifano ya uteuzi asilia katika maumbile, na mifano yake mwenyewe ilitoka zaidi kwa wafugaji wa njiwa na wakulima.

Darwin pia alimhimiza kuandika kitabu cha safari na kumsaidia kupata mchapishaji, John Murray. Kitabu kilitoka mwaka 1863 katika juzuu mbili na bado husomwa kama mojawapo ya vitabu bora vya safari za wanaasili. Sehemu moja ilileta ubishi: Bates alieleza buibui mkubwa aliyemkuta akiwa ameua ndege wadogo. Siku hizi tabia hiyo inajulikana vizuri.

Kazi mjini London

Pamoja na sifa hizo hakupata kazi ya sayansi. Alipoomba nafasi katika idara ya zoolojia ya Makumbusho ya Uingereza, walimpa mshairi kijana, Arthur O'Shaughnessy, ambaye hakuwa na ujuzi wa wanyama. Mwaka 1864 Bates akawa katibu msaidizi wa Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia. Wallace naye alikuwa ameiomba nafasi hiyo. Urafiki wao haukuvunjika.

Alishika kazi hiyo hadi kifo chake, miaka 28. Ilikuwa kazi ya barua, ramani, uhariri wa majarida na maandalizi ya safari za wengine. Kipindi hicho jumuiya ilituma wapelelezi wengi Afrika ya Mashariki, kwa mfano Joseph Thomson, aliyeondoka Dar es Salaam mwaka 1879 na kupita nchi ya Wamaasai hadi ziwa Viktoria miaka michache baadaye. Bates mwenyewe hakufika Afrika. Usiku na siku za mapumziko alirudi kwa mbawakawa wake, akaeleza spishi mpya nyingi, lakini hakuandika tena kitu kikubwa kuhusu uigaji. Ni vigumu kutojiuliza angefanya nini kama makumbusho yangemwajiri.

Alikuwa rais wa jumuiya ya wanaentomolojia ya London miaka 1868–1869 na tena 1878. Mwaka 1881 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, heshima ya juu kabisa ya sayansi nchini mwake. Alimwoa Sarah Ann Mason, wakapata watoto. Alifariki kwa ugonjwa wa mkamba.

Uigaji baada ya Bates

Jambo moja lilimshinda. Kati ya Heliconidae wenyewe, spishi mbili chungu mara nyingi hufanana sana. Kwa nini mchungu amwige mchungu? Jibu lilitolewa mwaka 1879 na Fritz Müller, Mjerumani aliyehamia kusini mwa Brazil: spishi mbili zenye sare moja hugawana gharama ya kuwafundisha ndege, hivyo kila moja hupoteza vipepeo wachache zaidi. Huu unaitwa uigaji wa Müller.

Nadharia ya Bates ilipimwa mapema katika bara la Afrika. Roland Trimen, aliyeishi Afrika Kusini, alionyesha mwaka 1869 kwamba vipepeo kadhaa waliohesabiwa kuwa spishi tofauti ni majike wa spishi moja, Papilio dardanus. Dume ana rangi ya njano hafifu na nyeusi, na mikia kwenye mabawa ya nyuma. Majike wengi hawana mikia, na katika msitu mmoja wanaweza kuwa na sura kadhaa, kila moja ikifuata kipepeo mchungu tofauti. Nchini Madagaska, ambako mifano hiyo haipo, jike hufanana na dume. Spishi hii hupatikana pia katika misitu ya Kenya, Tanzania na Uganda.

Mfano ambao msomaji wa Afrika ya Mashariki anaweza kuuona hata bustanini ni Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizo na madoa meupe. Viwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa na kuhifadhi sumu yake mwilini. Jike wa Hypolimnas misippus, ambaye hana sumu hiyo, amechukua rangi zake karibu zote. Dume wake ni mweusi mwenye mabaka makubwa meupe, na mtu asiyejua hawezi kudhani ni mume na mke.

Kuanzia mwaka 1910 daktari Mwingereza G. D. Hale Carpenter alifanya utafiti wa ugonjwa wa malale kwenye visiwa vya ziwa Viktoria upande wa Uganda, na pembeni akahesabu vipepeo. Kwenye bara, ambako mifano michungu ilikuwa mingi, kipepeo mwigaji Pseudacraea eurytus alishika rangi zake kwa uthabiti. Visiwani, ambako waigaji walikuwa wengi kuliko mifano, walikuwepo wengi wenye rangi za katikati zisizofanana na yeyote. Ndege wa visiwani hawakuwa na sababu ya kuchagua.

Ushahidi wa maabara ulichelewa. Mwaka 1958 Jane Van Zandt Brower alichapisha majaribio ya Marekani ambapo ndege waliofungiwa, baada ya kuonja vipepeo wachungu, walikataa pia vipepeo waliofanana nao. Kemia nayo imeonyesha kwamba Bates alikuwa sahihi kuhusu Heliconidae: viwavi wa jenasi Heliconius hula mimea ya jamii ya mkarakara, na vipepeo wazima hubeba kemikali zinazotoa sianidi. Hata giza halizuii uigaji. Nondo fulani wenye ladha mbaya hutoa milio ya juu sana ambayo popo huisikia na kuikwepa, na mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba popo waliojifunza hivyo huwaacha pia nondo watamu wanaotoa milio ya namna hiyo.

Jina la Bates limebaki pia katika majina ya kisayansi ya wanyama mbalimbali. Mmoja wao ni Corallus batesii, nyoka wa kijani wa misitu ya Amazonas, anayekaa amejiviringisha juu ya tawi na asiyeonekana kwa urahisi kati ya majani.